Je, Wajua? Sona Inaweza Kuona Samaki Bila Boti Kutobolewa

Wengi wanaonunua kipima kina chenye sona, yaani kifaa kinachotumia sauti kuona chini ya maji, huamini kwamba ni lazima boti itobolewe, eti sauti haipenyi ukuta mgumu. Si kweli, na imani hiyo imewatoboza watu boti nzima bila sababu. Faiba ngumu (fibreglass) ya boti hupitisha sauti vizuri tu. Kinachoishinda sauti ni hewa.

Transdyusa, sehemu ya sona inayotoa na kupokea sauti, hutetemeka, mara nyingi mizunguko 50,000 au 200,000 kwa sekunde, kisha husikiliza mwangwi kutoka chini. Mtetemo huo ukitoka kwenye kitu kizito kama maji au faiba na kukutana na hewa, haupati cha kusukuma. Zaidi ya asilimia 99 ya nguvu yake hurudi ulikotoka. Ndiyo maana mama mjamzito hupakwa jeli tumboni kabla ya altrasaundi. Jeli haiongezi sauti. Inafukuza utando wa hewa kati ya kifaa na ngozi, ambao peke yake ungetosha kumficha mtoto. Ndani ya boti, kazi hiyo hufanywa na epoksi, gundi inayokauka na kuwa ngumu: ufa mwembamba kama karatasi, ukiwa na hewa, huzuia sauti kuliko unene wote wa faiba.

Hivyo fundi makini husugua faiba kwa msasa hadi rangi yote itoke, hupangusa mafuta, humimina epoksi inayokauka polepole, kisha huikandamiza transdyusa akiizungusha taratibu mpaka mapovu yatokee pembeni. Silikoni haifai, ni laini mno.

Ila si kila boti inakubali. Faiba nyingine zina moyo wa balsa (mbao nyepesi sana) au sponji katikati, na humo mna hewa tele. Mbao nazo humeza sauti, kwa hiyo mashua ya mbao hufungiwa transdyusa nje, nyuma kwenye shetri. Hata faiba nzuri hupunguza nguvu mara mbili, sauti ikienda na ikirudi. Kiasi gani, hutegemea unene wake na masafa, yaani idadi ya mitetemo kwa sekunde, yanayotumika.

Kabla ya kugandisha chochote, boti ikiwa majini, tia transdyusa kwenye mfuko wa plastiki uliojaa maji na uulaze kwenye ngama (sakafu ya chini ndani ya boti) iliyoloweshwa. Linganisha picha yake na ile ya transdyusa ikitumbukizwa ubavuni. Zikikaribiana, andaa epoksi. Zikitofautiana sana, sogeza mfuko mahali pengine ujaribu tena. Kipimajoto kilichomo kwenye transdyusa usikitegemee, kwani ndani ya boti kitasoma joto la boti, si la bahari.