Unene wa jani si undugu: dhana potofu kuhusu danga na vimea vinavyofanana nalo

Mvua za Dodoma zikianza, mwishoni mwa Novemba au Desemba, haichukui muda kabla vimea vidogo vyenye majani manene, danga likiwa mojawapo, havijatandaa pembeni mwa njia, katikati ya mistari ya mizabibu na kwenye udongo mwembamba uliolalia miamba. Kiangazi kikishika, vingi vimeshakauka na kubaki mbegu tu. Katika uhai huo mfupi hupewa majina na sifa zisizo zao.

Dhana: Mmea wowote mnene wenye maji ni wa jamii ya mpungate (kaktasi)

Kuhifadhi maji ni namna ya kuishi, si ukoo. Familia nyingi zisizo na uhusiano wa karibu zimefikia hapo kila moja kwa njia yake. Mnyaa wa kwenye uzio una shina nene la kijani, lakini uvunje uone utomvu mweupe unavyotoka: huo ni wa Euphorbiaceae, familia moja na muhogo na mnyonyo. Mpungate wenyewe ni mgeni, asili yake ni bara la Amerika.

Cha kushangaza, danga (*Portulaca oleracea*), linalotambaa chini bila mwiba hata mmoja, ndilo lenye nasaba ya karibu na mpungate. Uchunguzi wa DNA umeziweka familia zao, Portulacaceae na Cactaceae, karibu sana. Hata wekundu wa shina la danga, wa tunda la mpungate na wa bitiruti hutokana na kundi moja la rangi, betalaini, ambalo mimea mingi yenye maua haina.

Ute nao hauthibitishi kitu. Danga likipikwa huteleza kidogo, na wapo wanaolihesabu kuwa aina ya mlenda. Lakini mlenda wenyewe ni jina la chunguni: ndani yake mna majani ya jamii ya ufuta na ya *Corchorus*, familia mbili zilizo mbali na danga na mbali zenyewe kwa zenyewe.

Dhana: Danga na "lile jingine" ni mmea mmoja

Hapa ndipo wengi wanapokosea, wakiwemo wanaochuma mboga. Lile jingine mara nyingi ni *Trianthema portulacastrum*, la familia ya Aizoaceae. Jina lake la pili lenyewe maana yake ni kwamba linafanana na Portulaca, kwa hiyo mkanganyiko huu si wa leo. Ili kuyatenganisha, nenda saa nne asubuhi jua likiwa limewaka, ukiwa na lenzi ya mkono.

Anza na ua. La danga ni la njano, lina petali (vipande vya ua vyenye rangi) 5 kwa kawaida na sepali (vijani vya nje vinavyofunika ua) 2, nalo hukaa kwenye ncha ya tawi juu ya kishada cha majani. Trianthema haina petali za kweli: ina mzunguko mmoja wa vipande 5, vyenye rangi ya waridi au nyeupe kwa ndani, na ua limejificha kwenye kwapa la jani.

Kisha tazama pale jani linapoungana na shina. Jani la danga ni kama kijiko kidogo, jembamba kwenye kitako, na halina ala, yaani ngozi inayokumbatia shina. Majani ya Trianthema hukaa mawili mawili, moja kubwa kuliko mwenzake, na vikonyo vyake vimepanuka na kuungana kuwa ngozi nyembamba inayokizunguka kifundo. Alama hii inaonekana hata wakati mmea hauna ua.

Tunda usiliamini peke yake, maana matunda ya yote mawili hufunguka kwa kifuniko, kama sufuria. Tofauti imo ndani. Danga lina mbegu nyingi nyeusi, kila moja chini ya milimita 1. Za Trianthema ni chache na kubwa zaidi, na kifuniko kinapong'oka huondoka na mbegu ndani yake.

Ukikuta petali 4 za njano, majani madogo yanayokabiliana na nywele ndefu nyeupe kuzunguka kila kifundo, hiyo ni *Portulaca quadrifida*. Ukivunja shina likatoa maziwa, hilo ni jamii ya mnyaa. Lisiingie chunguni.

Dhana: Vimea hivi havitoi maua

Hutoa, ila umechelewa. Ua la danga hufunguka kwa saa chache tu, na siku ya mawingu huenda lisifunguke kabisa. Hata hivyo hujichavusha lenyewe na kutoa mbegu. Ukilipata limefunguka, gusa stameni (vijiti vya chavua katikati ya ua) kwa ncha ya sindano: husogea.

Dhana: *Talinum* ni ya Portulacaceae

*Talinum* ni kundi jingine la vimea vyenye majani manene, na ilikuwa hivyo kwenye vitabu vya zamani. APG III, mpangilio wa kimataifa wa familia za mimea yenye maua wa mwaka 2009, uliitambua familia ya Talinaceae, na Portulacaceae ikabaki na jenasi (kundi la spishi ndani ya familia) moja tu, *Portulaca*. Mabadiliko haya si ubishi wa majina. Ovari ya Portulaca, sehemu ya ua inayogeuka tunda, imezama nusu kwenye kitako cha ua, ya Talinum iko juu; tunda la Talinum hupasuka vipande 3 badala ya kufunguka kifuniko. Tena *Talinum portulacifolium* yenye maua ya waridi, inayoota kwenye vichaka vya ukanda huu, huishi zaidi ya msimu mmoja.

Dhana: Ukiling'oa limekufa

Danga lililong'olewa na kuachwa shambani hutumia maji yaliyomo mwilini kukomaza mbegu, na mvua ikirudi, shina hutoa mizizi upya. Palilia kabla halijachanua. Likishachanua, litoe shambani, ukalirundike juani mahali pakavu. Kulikatakata kwa jembe ni kulipanda.

Ukaidi huo huo ndio unaoharibu sampuli za wanafunzi: ndani ya gazeti mmea huendelea kuishi, hudondosha majani, kisha huota ukungu. Dawa yake ni kuuua kwanza. Chovya mashina na majani kwenye maji yanayochemka kwa sekunde 30 hadi dakika 1, huku maua yakibaki nje ya maji. Kausha kwa kitambaa, panga kwenye gazeti, bana kwa mbao mbili na mikanda, na badilisha magazeti kila siku kwa wiki ya kwanza. Petali zikibanwa huwa kama zimeyeyuka, kwa hiyo weka maua mawili matatu kwenye kichupa cha spiriti ya asilimia 70, na mbegu kwenye bahasha ndogo. Rangi ya ua, idadi ya petali na saa uliyochuma ziandikwe palepale shambani. Jioni ua litakuwa limefumba, na spiriti huiondoa rangi.