Mbwa au paka wako ale kiasi gani kwa siku? Tupige hesabu

Swali tunaloulizwa sana hapa kliniki ni hili, daktari nimpe chakula kiasi gani, na ukimuuliza mtu sasa hivi unampaje anakwambia najaza bakuli, likiisha naongeza. Hapo ndo uzito unapanda taratibu bila mtu kushtuka, mwishowe mbwa anaumwa viungo, paka anapata kisukari, na haya mengi yanazuilika kabisa.

Kwanza mpime. Kama hatulii kwenye mizani mbebe mpande wote, kisha pima wewe peke yako utoe. Ukishapata kilo zake chukua kalkuleta ya simu, piga kilo mara kilo mara kilo, jibu litafutie kipeuo cha pili, jibu la hapo nalo litafutie kipeuo cha pili tena, halafu zidisha kwa 70. Hizo ndo kalori ambazo mwili wake unatumia kwa siku ukiwa umepumzika tu. Mbwa wa kilo 10 unapata 1,000, kisha 31.6, kisha 5.62, mara 70 inakuja kama 394. Sasa mbwa wa kilo 20 watu wanadhani ni mara mbili ya hapo, hapana, yeye ni kama 662 tu, maana mwili ukiwa mkubwa kila kilo inatumia nguvu kidogo kuliko ya mwili mdogo, na ndo maana wenye mbwa wakubwa wakikadiria kwa macho wanazidisha sana.

Hiyo bado ni ya kupumzika. Mbwa mzima aliyehasiwa zidisha kwa 1.6, ambaye hajahasiwa 1.8. Paka aliyehasiwa 1.2, ambaye hajahasiwa 1.4. Kitoto cha mbwa chini ya miezi 4 ni mara 3 kwasababu anajenga mwili. Mwenye mimba au anayenyonyesha mlete tumuone, mahitaji yake yanabadilika haraka.

Kwahiyo mbwa wetu wa kilo 10 aliyehasiwa anakuja kama kalori 630. Geuza pakiti usome ina kalori ngapi, tuseme chakula kikavu kina 360 kwa kila gramu 100, basi anakula gramu 175, na hizo ni za siku nzima jamani sio za mlo mmoja, gawa asubuhi na jioni. Cha kopo kina maji mengi kwahiyo kalori zake kwa gramu ni chache, usibadilishe gramu kwa gramu, piga hesabu upya. Na tumia mizani ya jikoni, kikombe leo unajaza hivi kesho unajaza vile.

Vibiskuti na vile vipande anavyopewa mezani navyo ni chakula! Visizidi asilimia 10, kwa huyu wetu ni kama kalori 63, na unazitoa kwenye mlo wake, sio juu yake. Nyumba yenye watu wengi kubalianeni, maana kila mtu anampa kidogo na hakuna anayejumlisha.

Namba hii ni ya kuanzia tu, wanyama wawili wa kilo sawa wanaweza kutofautiana sana. Pitisha vidole ubavuni, mbavu uzisikie bila kubonyeza kwa nguvu, na ukimtazama toka juu kiuno kionekane. Mpime tena baada ya wiki 2, kama anaongezeka na hatakiwi kuongezeka punguza asilimia 10, anakonda ongeza hivyohivyo.

Ila kwa paka mnene naomba sana msimkate chakula ghafla. Paka asipokula siku 2 au 3 mafuta yanajaa kwenye ini na anaweza kufa, kwahiyo punguza kidogokidogo, na akigoma kula siku nzima usisubiri kesho yake, mlete kwa daktari wa mifugo.