Kuchanganua CSS: maana yake, na kwa nini "tafuta na badilisha" haitoshi

Chukua menyu ya banda la chakula pale Forodhani yenye mstari huu: "Kaa wa kuchoma kwa mkaa, wakaazi nusu bei." Leo kaa hawakupatikana, mwenye banda anauza kamba. Ukifungua faili la menyu na kuiamuru kompyuta ibadilishe kila "kaa" iwe "kamba", utapata: "Kamba wa kuchoma kwa mkamba, wakambazi nusu bei."

Kompyuta imefanya kile ilichoambiwa. Iliambiwa itafute herufi tatu zilizofuatana, ikazitafuta popote zilipo. Hakuna aliyeieleza kwamba "kaa" ya mwanzo ni neno zima, nomino, na mbili zilizobaki ni vipande tu ndani ya maneno mengine. Ili ijue hayo, lazima kwanza iuchanganue mstari.

Neno hili si geni kwetu. Aliyepita skuli ya sekondari amechanganua sentensi ubaoni mpaka mkono ukajaa chaki. "Mvuvi mzee ametia nanga Mkokotoni." Juu unaandika S, chini yake matawi mawili, KN na KT. Chini ya KN unaning'iniza nomino "mvuvi" na kivumishi "mzee". Chini ya KT unaning'iniza kitenzi "ametia", nomino "nanga" na kielezi "Mkokotoni". Ukimaliza una mchoro wa matawi, na kila neno linaonekana ni la aina gani na liko chini ya nani. Mpanga programu anapozungumzia kuchanganua msimbo, yaani maandishi ya programu, anazungumzia kazi hiyo hiyo, na matokeo yake nayo huitwa mti. Nimewahi kuwaona vijana wenye vipaji wakiliogopa somo hili kwa sababu walikutana nalo kwa Kiingereza tu, ilhali maalim wa Kiswahili alishawafundisha nusu yake.

Sasa CSS. Hii ni lugha inayoueleza ukurasa wa tovuti uonekaneje: rangi, ukubwa wa herufi, nafasi baina ya kitu na kitu. Yaliyomo kwenye ukurasa huandikwa kwa HTML, pambo lake kwa CSS. Ilipendekezwa mwaka 1994 na Håkon Wium Lie, Mnorwe aliyekuwa akifanya kazi CERN, kituo cha Ulaya cha utafiti wa fizikia, na toleo la kwanza likatangazwa na W3C, shirika linaloweka viwango vya wavuti, mwaka 1996 baada ya yeye na Bert Bos kuliandaa pamoja. Ina sarufi yake, na sarufi hiyo ni fupi. Tazama kipande hiki, kinachofanana na kile nilichokuwa nakihudumia kwenye tovuti ya nyumba moja ya wageni huko Jambiani:

.kichwa-tanzania {
  background: tan url("picha/tanga.jpg");
  border-bottom: 2px solid tan;
  width: calc(300px * tan(30deg));
}

Chote kwa pamoja ni kanuni moja. Maneno yaliyo kabla ya mabano ya mwanzo ni kiteuzi: yanasema kanuni hii imhusu nani. Ndani ya mabano mna matamko matatu, na kila tamko lina sifa kushoto mwa nukta mbili na thamani kulia kwake. Ukiyachora kwa matawi ya skuli, juu kabisa litakaa faili zima, chini yake kanuni, chini ya kanuni matamko. Maelezo anayoyaacha mwandishi baina ya alama za /* na */ nayo yana tawi lake, na vivyo hivyo amri zinazoanza na alama ya @, kama @media.

Mwenye nyumba alitaka rangi ya "tan", ambayo ni kama mchanga mkavu, iondoke na mahali pake ishike "teal", rangi iliyo karibu na maji ya Jambiani bahari ikijaa. Neno "tan" lilikuwa kila mahali katika faili refu. Nilitumia tafuta na badilisha, nikahifadhi, nikafungua ukurasa. Sehemu yote ya juu ilikuwa imevuka nguo. Kiteuzi kilikuwa kimegeuka ".kichwa-tealzania", na kwenye HTML hakuna kitu chenye jina hilo. Picha ya tanga la jahazi ilikuwa ikitafutwa kwa jina la "tealga.jpg". Na ule mstari wa mwisho, ambamo tan ni hesabu ya pembetatu tuliyoisoma pamoja na sin na cos, ulikuwa umekuwa "teal(30deg)", kitu kisichokuwepo katika lugha.

Mtu ataniambia: ungeiagiza itafute neno zima tu. Hilo lingeiokoa Tanzania na tanga. Lisingeiokoa hesabu, kwa sababu pale "tan" imesimama peke yake kabla ya mabano, na lisingeokoa picha ambayo siku moja mtu ataipa jina la "tan.png". Kila unapoziba tundu moja kwa hila ya kutafuta, unaacha jingine, kwani unaendelea kutazama herufi wakati swali lako ni la sarufi.

Kichanganuzi kinalijibu swali hilo kwa hatua mbili. Kwanza kinalisoma faili herufi kwa herufi na kulikata katika vipande vidogo vinavyoitwa tokeni: hili ni jina, hii ni namba yenye kipimo kama 2px, hii ni nukta mbili, hili ni neno lililofungwa kwa alama za kunukuu. Hapa ndipo "tan" mbili zinapotengana. Kanuni rasmi za CSS zinasema jina likifuatwa papo hapo na mabano ya kufungua, bila hata nafasi moja kati yao, basi hilo ni jina la kazi ya hesabu au kazi nyingine. Lisipofuatwa, ni jina la kawaida. Halafu tokeni hizo hupangwa kuwa mti. Ukishakuwa na mti, unaziendea nodi (viungo vya mti) unazozitaka, unabadilisha, kisha unaiambia maktaba iugeuze mti kuwa maandishi tena.

Maktaba, katika lugha ya wapanga programu, ni msimbo ulioandikwa na wengine ambao wewe unauita ndani ya programu yako. Kwa lugha ya JavaScript inayojulikana zaidi kwa kazi hii ni PostCSS, aliyoianzisha Andrey Sitnik mwaka 2013. Anayetumia Python ana tinycss2. Kwa PHP ipo PHP-CSS-Parser. Nitabaki na PostCSS kwa sababu ndiyo niliyoitumia Jambiani, na kwa sababu ina jambo moja linalowakwaza wengi.

Jambo lenyewe ni hili: PostCSS inachora matawi mpaka kwenye tamko, kisha inasimama. Inajua kwamba sifa ni "border-bottom" na thamani ni "2px solid tan", lakini thamani hiyo inakupa ikiwa mshipi mmoja wa herufi, haijakatwa. Ni kama mwanafunzi aliyeigawa sentensi kuwa KN na KT akaweka chaki chini. Ukifanya tafuta na badilisha ndani ya thamani hiyo, umerudi Forodhani na kaa wako. Inabidi uongeze maktaba ndogo, postcss-value-parser, iendelee kuchora. Kazi yangu yote ikawa mistari hii:

root.walkDecls(tamko => {
  const thamani = chambua(tamko.value)
  thamani.walk(n => {
    if (n.type === 'word' && n.value.toLowerCase() === 'tan') n.value = 'teal'
  })
  tamko.value = thamani.toString()
})

Jina "chambua" nimeipa mwenyewe ile maktaba ndogo. Isome polepole. Inatembelea kila tamko katika mti, popote lilipo, hata ndani ya @media. Inaikata thamani. Inapokutana na kipande cha aina ya neno, ambacho chote kizima ni "tan", inakibadilisha. Ile hesabu inapita salama kwa sababu aina yake si neno, ni kazi. Jina la picha linapita salama kwa sababu limo katika alama za kunukuu. Kiteuzi hakiguswi kabisa, kwani hakimo katika tamko lolote. Na nimezigeuza herufi kuwa ndogo kabla ya kulinganisha, maana CSS haitofautishi "Tan" na "tan" kwenye majina ya rangi, na aliyenitangulia alikuwa akiandika vyote viwili. Faili langu halikuwa na mchezo wa picha (animation) wala aina ya herufi iliyopewa jina la tan. Lako likiwa nayo, zichague kwanza sifa zinazopokea rangi, nyingine uziruke.

Nilichokipenda zaidi ni usafi wa matokeo. Kila nodi ya PostCSS inazikumbuka nafasi na mistari mitupu iliyokuwa kabla na baada yake, kwa hiyo usichokigusa kinatoka kama kilivyoingia. Mwenzangu aliyekagua mabadiliko kwenye git, programu inayotunza historia ya mafaili, aliona mistari ya rangi tu. Hilo ni jambo la heshima baina ya watu wanaofanya kazi kwenye faili moja.

Kuhusu makosa, kivinjari ni mvumilivu: kikikuta tamko kisichoweza kulielewa, huliruka hadi kwenye nukta mkato inayofuata na kuendelea. Ndiyo maana ukisahau nukta mkato moja unapoteza matamko mawili kimya kimya. PostCSS haina uvumilivu huo. Mabano yakikosa kufungwa inasimama na kukutajia mstari na mahali pa kosa, na kwa anayebadilisha faili la mtu mwingine, ukali huo ni msaada mkubwa.

Kazi ya pili pale Jambiani ndiyo iliyonionesha thamani ya mti. Mwenye nyumba alitaka tovuti iwe pia na kurasa za Kiarabu. Sisi hapa tunaelewa maana yake bila kuelezwa sana: mtoto wa Unguja au Pemba asubuhi yuko skuli akisoma kutoka kushoto, jioni yuko chuoni, yaani madrasa, akisoma kutoka kulia. Ukurasa wa Kiarabu nao lazima ugeuke. Kilichosukumwa kushoto kisukumwe kulia, na cha kulia kije kushoto.

Jaribu hilo kwa tafuta na badilisha. Unageuza kila "left" kuwa "right". Kisha unageuza kila "right" kuwa "left", na sasa zote ni "left", zile za awali na ulizozigeuza dakika moja iliyopita. Hata ukipata njia ya kulikwepa hilo, angalia tamko hili:

padding: 4px 10px 4px 30px;

Hakuna "left" wala "right" humo. Lakini namba nne katika CSS huzunguka kama mishale ya saa: juu, kulia, chini, kushoto. Ukurasa ukigeuka, ya pili na ya nne lazima zibadilishane mahali. Hakuna utafutaji wa herufi utakaoligundua hilo. Anayeujua mti anaona sifa "padding" yenye vipande vinne, anabadilishana viwili.

Hapo nikajifunza na hatari ya upande wa pili. Niliandika plagini ya PostCSS yangu mwenyewe, yaani programu ndogo ya kuiongezea uwezo, nikaiendesha, ikakataa kumaliza. Tangu toleo la 8 la mwaka 2020, plagini ikiibadilisha nodi, PostCSS huirudia nodi hiyo ili plagini nyingine nazo zione mabadiliko. Yangu ilikuwa ikigeuza kushoto kuwa kulia, inarudishwa, inageuza kulia kuwa kushoto, inarudishwa tena. Dawa ni kuitia alama nodi uliyokwisha kuigusa na kuiruka ukirudi. Baadaye niligundua kwamba kazi yote hiyo imeshafanywa na maktaba iitwayo RTLCSS, iliyojengwa juu ya PostCSS, nikaitumia hiyo. Anayeandika faili jipya leo anaweza kulikwepa jambo hili tangu mwanzo kwa kuandika "margin-inline-start", mwanzo wa mstari, badala ya kutaja kushoto. Faili langu lilikuwa la zamani.

Kilibaki kitu kimoja. Namba ya simu chini ya ukurasa, inayoanza na +255, ilitoka makundi yake ya tarakimu yamepinduka, la mwisho likawa la mwanzo. Mwandishi wa awali alikuwa ameilinda kwa tamko la "direction: ltr", na RTLCSS kwa uaminifu ikaligeuza nalo kuwa "rtl". Nimesema kwamba maelezo nayo yana tawi lake kwenye mti. Basi RTLCSS huyasoma, na ukiandika /*rtl:ignore*/ juu ya kanuni, kanuni hiyo inaachwa kama ilivyo. Niliandika mstari huo mmoja juu ya ".simu", nikaendesha tena, na mwenye nyumba akaijaribu namba kutoka ukurasa wa Kiarabu kwa simu yake mwenyewe, akaisikia ikilia mezani mapokezi.