Ikiwa mafuta ni yetu, mbona tunalipia petroli?

Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli inapotangaza bei mpya, kila tarehe 14 ya mwezi, abiria wa matatu jijini Nairobi huanza kulalamika hata kabla ya nauli kupanda: mafuta yalipatikana Turkana, ni mali yetu, kwa nini tunauziwa?

Wapo wanaowajibu kwamba mafuta hayo ni ya kampuni iliyoyachimba. Si kweli. Kifungu cha 62 cha Katiba ya 2010 kinayahesabu kuwa sehemu ya ardhi ya umma, ambayo serikali ya kitaifa imekabidhiwa kwa amana ya wananchi. Kampuni hupewa mkataba, hurejesha kwanza gharama zake, kisha faida ndiyo hugawanywa. Na katika fungu la serikali, Sheria ya Petroli ya 2019 inaitengea kaunti asilimia 20 na jamii ya eneo hilo asilimia 5. Mwenye gari hakutengewa lita hata moja.

Dhana iliyokita mizizi zaidi ni kwamba petroli ya kituoni ndiyo hiyo ya Turkana. Mafuta ya Lokichar, huko Turkana, yaliyogunduliwa mwaka 2012 katika kisima cha Ngamia 1, yana nta nyingi na huganda yakipoa, hivyo malori yaliyoyapeleka Mombasa kuanzia 2018 yalihitaji matangi ya kuhifadhi joto. Shehena ya kwanza iliuzwa nje mwaka 2019 ikiwa ghafi, kwa sababu kiwanda cha Changamwe, Mombasa, kilikuwa kimeacha kusafisha mafuta tangu 2013. Petroli inayouzwa Nairobi huja ikiwa imeshasafishwa, hasa kutoka nchi za Ghuba, na bei yake huhesabiwa kwa dola. Ndiyo maana Oktoba 2023, bei ya dunia ilipopanda huku shilingi ikidhoofika, lita moja ilifika shilingi 217.36.

Wanaoamini kwamba kila nchi yenye mafuta huyagawa karibu bure waitazame Nigeria, iliyoondoa ruzuku ya petroli Mei 2023, bei ikapanda zaidi ya maradufu.

Hata hivyo, mlalamikaji wa matatu hajakosea kabisa. Ushuru wa thamani ya ziada (VAT) kwa mafuta uliongezwa kutoka asilimia 8 hadi 16 Julai 2023, na mwaka uliofuata tozo ya ukarabati wa barabara ikapandishwa kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa lita. Hayo hayakuamuliwa na soko la dunia wala na wachimbaji. Yaliamuliwa hapa hapa Nairobi, la kwanza Bungeni na la pili wizarani.