Moto wa Septemba na nyungunyungu: dhana potofu na ukweli kuhusu mabua

Kila kiangazi, mabua ya mahindi kwenye mashamba ya Mbozi, Ismani na Njombe, kusini mwa Tanzania, huchomwa ili mashamba yawe safi kabla ya mvua za Novemba. Inaumiza kuona chakula chote cha udongo kikiisha kwa jioni moja.

Dhana: Jivu ni mbolea, kwa hiyo kuchoma kunarutubisha.
Jivu hubakiza potasi, kalisi na fosforasi, ndiyo maana mahindi hustawi pale rundo lilipochomewa. Lakini naitrojeni karibu yote huondoka na moshi. Tani 1 ya mabua makavu ina kama kilo 6 hadi 8 za naitrojeni. Ekari iliyotoa magunia 20 ya kilo 100 huacha takribani tani 2 za mabua. Ukiyachoma, umepoteza zaidi ya nusu ya naitrojeni ya mfuko wa urea wa kilo 50. Na kwenye miteremko, jivu lenyewe husombwa na mvua za kwanza.

Dhana: Nyungunyungu hukata mizizi ya mahindi.
Hana meno. Humeza udongo pamoja na mabaki yaliyokwisha kulainika. Mche ukikatwa usawa wa ardhi, fukua pembeni yake utafute sota, kiwavi anayekata miche.

Dhana: Mabua yasipofukiwa hayaozi.
Januari, inua bua lililolala tangu mavuno. Upande wa chini utaona nyuzi nyeupe za fangasi, na pembeni vijidonge vya udongo mweusi: kinyesi cha nyungunyungu. Fangasi na bakteria hulainisha kwanza, nyungunyungu hufuata. Ngozi yake ndiyo pua yake, hivyo lazima iwe na unyevu; kivuli cha mabua humwezesha kufanya kazi karibu na uso wa udongo hata mvua ikikatika wiki nzima. Plau huvunja njia zake na kumtoa nje, yangeyange wakimsubiri.

Dhana: Mabua hufanya mahindi yawe ya njano.
Hii ina ukweli ndani yake, na wengi huchoma kwa sababu hiyo. Mabua ya mahindi yana kaboni karibu mara 60 ya naitrojeni, wakati vijidudu vinahitaji chakula chenye uwiano wa kama 24 kwa 1. Naitrojeni inayopungua vijidudu huichukua kwenye udongo, na mche hukosa. Tatizo huwa kubwa mabua yakikatwakatwa na kufukiwa karibu na kupanda. Ukifukia Septemba kwenye udongo mkavu, hakuna kinachooza. Kazi inaanza mvua inaponyesha, yaani siku zile zile unazopanda. Wamatengo wa Mbinga hulitatua hili vizuri: kwenye ngoro, yaani mashimo yao ya kilimo cha miteremkoni, majani hufunikwa kwa udongo mvua zikielekea mwisho, udongo ukiwa bado na unyevu.

Kwa hiyo acha mabua juu, yasogeze pembeni mwa mstari wa kupandia, weka mbolea ya kupandia ndani ya shimo na uitenge na mbegu kwa udongo wa sentimita 5. Anza kuweka mbolea ya kukuzia mapema, wiki ya 3. Urea usiimwage juu ya mabua, itapotea hewani, ifukie. Mabua yachanganye na maganda na mashina ya maharage, ambayo huoza haraka.

Dhana: Basi acha kila kitu shambani.
Hapana. Mahindi juu ya mahindi, mabua yale yale hubeba ugonjwa wa madoa ya kijivu ya majani hadi msimu unaofuata. Badilisha na maharage. Mabua yaliyosimama hutunza viwavi wa bua, hivyo yalaze juani mara baada ya kuvuna. Mashina ya viazi yenye mnyauko yang'oe pamoja na viazi vyake, uyatoe shambani. Ng'ombe nao wapate sehemu yao: tani 1 na kidogo kwa ekari ikibaki imetandazwa, hufunika kama theluthi ya ardhi.

Februari, asubuhi, udongo ukiwa mbichi, chimba shimo la sentimita 30 kwa 30, kina 20, uhesabu. Nyungunyungu 10 au zaidi ni dalili njema. Wakiwa 2 au hawapo, rudia kipimo mwaka ujao mahali pale pale, baada ya msimu mmoja bila moto.