Maikrokontrola, JavaScript na pampu ya maji

Maikrokontrola ni kompyuta nzima ndani ya chipu moja, yenye kumbukumbu yake na miguu ya kuunganishia waya. Haina skrini wala kibodi. Ndiyo inayoongoza mashine ya kufulia na maikrowevu.

Kwa miaka mingi chipu hizi ziliandikiwa programu kwa lugha ya C. Mwaka 2013 Mwingereza Gordon Williams alileta Espruino, bodi inayosoma JavaScript, lugha ya programu ya kurasa za wavuti, ndani ya chipu yenyewe. Ilikuwa na kilobaiti 48 tu za RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, zikatosha. JavaScript inafaa kazi hii kwa sababu imezoea kungoja: kwenye ukurasa wa wavuti hungoja mtu abonyeze kitufe, kwenye tangi la maji hungoja boya, yaani swichi inayoelea, lishuke.

Chukua pampu inayopandisha maji kwenye simtanki. Weka maboya mawili. La chini likishuka, pampu iwake. La juu likiinuka, izime. Kwa nini mawili? Ukiweka moja, kila ndoo ikichotwa pampu ingewaka na kuzima, na mota huumia zaidi inapowaka, maana hapo huvuta umeme mara kadhaa ya kawaida yake. Amri ya setWatch huchunga mguu uliounganishwa na boya. Amri ya setTimeout huhesabu muda: zikipita, tuseme, dakika 30 na tangi halijajaa, pampu izimwe, kwani huenda kisima kimekauka, na pampu ikizunguka bila maji sili zake huungua.

Mguu wa chipu hutoa volti 3.3 na miliampia chache, ilhali pampu inataka volti 230. Katikati yao hukaa rilei, yaani swichi inayovutwa na sumaku ya umeme. Mguu huamsha transista, swichi ndogo ya kielektroniki, transista hupitisha umeme kwenye koili ya sumaku hiyo, koili huvuta swichi, na pampu hupata umeme wake kwa waya mwingine usiogusana kabisa na chipu. Pampu ikiwa kubwa, rilei huwasha kontakta kwanza, yaani rilei kubwa zaidi. Upande huu wa volti 230 naomba sana umwachie fundi umeme.

Umeme ukikatika na kurudi, chipu huanza upya. Kwa hiyo hifadhi programu kwa amri ya save, na ndani ya onInit, sehemu inayoendeshwa kila chipu inapoanza, anza kwa kuzima pampu, kisha soma maboya kwa digitalRead. Ukiyasoma, boya lililoshuka wakati umeme umekatika litaonekana. SetWatch peke yake huona badiliko tu.