Presha ya saa kumi jioni

Keshia mmoja wa benki hapa Dar es Salaam (nimebadilisha mambo mawili matatu ili asijulikane) alikuja kwangu na karatasi tatu za zahanati. Zote zilisema neno moja: presha 150 kwa 95, apunguze chumvi, arudi baada ya wiki mbili. Chumvi alikuwa ameshaipunguza mpaka mumewe ananung'unika mezani. Ana miaka 31, si mnene, pombe haonji. Nikamuuliza ni saa gani ya siku anayoiogopa. Hakufikiri hata kidogo.

"Saa kumi jioni, dada. Tukianza kufunga hesabu."

Nilidhani angetaja saa tano asubuhi, foleni imefika mlangoni na mzee mmoja anagonga kioo kwa funguo. La. Foleni anaiweza, na siku nyingine inamchangamsha. Kinachomkausha mate ni ile nusu saa ya kuhesabu fedha za dirisha lake huku akijua kwamba zikipungua, shoti ni yake, inakatwa kwenye mshahara wake. Mtandao ulikatika katikati ya muamala? Msimamizi alimhimiza aharakishe kwa sababu watu wamejaa? Shoti ni yake.

Huu ni mwaka wangu wa kumi na nne katika kazi ya ushauri nasaha kwa wafanyakazi, na kadiri miaka inavyokwenda ndivyo ninavyozidi kushuku ile lawama ya haraka kwamba watu wanaugua kwa sababu kazi ni nyingi. Kazi nyingi huchosha, na uchovu dawa yake ni usingizi. Wanaofika kwangu wengi wao ni watu wanaodaiwa jambo wasilo na mamlaka nalo. Lugha yetu iliona mapema: msongo umetoka kwenye kusonga, kitenzi kilekile cha ugali. Moto uko chini, mkono uko juu, na ugali haushiki mwiko.

Mwilini mambo huenda hivi. Ubongo ukihisi hatari, tezi zilizo juu ya figo humwaga homoni za msongo: adrenalini, kisha kotisoli. Moyo unakwenda mbio, damu inasukumwa kwenye misuli, sukari inapanda, tumbo linaambiwa lingoje. Kwa mtu anayemkimbia nyoka, mpango huo ni mzuri sana, maana dakika kumi baadaye nyoka hayupo na mwili unashusha pumzi. Tatizo ni pale nyoka anaporudi kila siku saa kumi jioni. Mwaka 1936 mtafiti Hans Selye, akifanya kazi Montreal, Kanada, alichapisha ripoti fupi kuhusu panya aliowatesa kwa njia mbalimbali: baridi, mazoezi ya kupita kiasi, dawa. Mateso yalitofautiana lakini miili ilijibu kwa namna moja. Tezi za juu ya figo zilivimba, tezi ya kifuani inayohusika na kinga ilisinyaa, tumbo likatoka vidonda. Ndiyo maana sishangai mtu akija kunieleza habari za bosi wake na mkono mwingine umeshika dawa ya asidi.

Kuhusu mamlaka, ushahidi ninaoupenda zaidi umetoka kwenye ofisi za serikali ya Uingereza. Kuanzia mwaka 1967 watafiti waliwafuatilia wanaume zaidi ya 17,000 waliokuwa watumishi wa umma jijini London. Wote walikuwa na ajira ya kudumu, wote watu wa ofisini, hakuna mchimba migodi kati yao. Wengi walitarajia kwamba wakubwa wenye maamuzi mazito ndio watakaokufa kwa moyo. Ikawa kinyume: tarishi na walinzi wa milango, walio ngazi ya chini kabisa, walikufa kwa kiwango cha mara tatu hivi ya wale wa juu. Sigara na presha zilieleza sehemu tu ya tofauti hiyo. Utafiti wa pili, ulioanza mwaka 1985 na kuwaingiza wanawake pia, uliikuta sehemu nyingine kwenye uhuru mdogo wa kuamua kazi ifanyike vipi na lini. Katikati ya tafiti hizo mbili, mwaka 1979, mtafiti Robert Karasek alikuwa ameshaandika kwamba kazi mbaya kuliko zote ni ile yenye madai makubwa na uamuzi mdogo. Muulize kondakta wa daladala mwenye hesabu ya kupeleka kwa tajiri jioni, foleni iwepo isiwepo.

Sasa nikueleze jinsi tunavyolitibu jambo hili. Nimealikwa mara nyingi kwenye semina za siku moja: hoteli ya ufukweni Bagamoyo, fulana zenye nembo ya kampuni, kuvuta kamba mchangani, pilau. Ofisa rasilimali watu ananivuta pembeni: "Dokta, wafundishe kupumua." (Mimi si daktari, lakini nimeshachoka kusahihisha.) Nawafundisha. Siku moja, kabla basi la kuwarudisha mjini halijafika Bunju, simu zao zote zililia kwa pamoja. Meneja, ambaye alikuwa kwenye gari lake mwenyewe, ameandika kwenye kundi la WhatsApp la ofisi: ripoti aione kesho saa mbili. Nikaona mabega niliyoyashusha mchana kutwa yakipanda tena.

Hilo kundi la WhatsApp linastahili kusemwa kwa kirefu. Ukiuliza, kila mmoja atakuambia ujumbe wa usiku ni mmoja au miwili tu, na kuujibu ni sekunde tano: "Imepokelewa bosi." Ni kweli. Lakini mtu halindi zile sekunde tano, analinda usiku mzima, kwa sababu hajui utaingia saa ngapi. Simu iko mezani wakati wa chakula, iko chini ya mto wakati wa kulala. Alama za bluu zinamshitaki kwamba amesoma na hajajibu. Na mmoja akijibu saa nne usiku, kumi na wawili waliobaki wanajisikia wavivu, nao wanajibu. Bosi anaona majibu kumi na matatu, anaridhika kwamba timu yake ina ari. Hajui kwamba ameamsha nyumba kumi na tatu.

Ofisi moja niliyoishauri ilikubaliana jambo dogo: ujumbe wa baada ya saa kumi na mbili jioni haujibiwi mpaka asubuhi, na la dharura linapigiwa simu. Meneja aliona napunguza nidhamu. Mwisho wa mwezi alihesabu simu za dharura alizopiga. Zilikuwa mbili, na moja ilikuwa ya kuuliza ufunguo wa stoo uko wapi.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kwa anayetaka nguvu ya kisheria, inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki, saa za ziada zisizozidi 50 katika wiki nne, likizo ya siku 28 kwa mwaka, na angalau saa 12 za kupumzika tangu kumaliza kazi hadi kuianza tena. Toka kujibu ujumbe saa tano usiku hadi kuingia kazini saa mbili asubuhi ni saa tisa. Sisemi ujumbe wa simu ni kazi mbele ya hakimu, nasema mwili ndivyo unavyohesabu. Shirika la Afya Duniani na lile la Kazi Duniani walitoa makadirio yao mwaka 2021: anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki ana hatari ya kupata kiharusi iliyo kubwa kwa asilimia 35 kuliko anayefanya saa 35 hadi 40.

Kupumua sikudharau. Vuta kwa hesabu ya nne, toa kwa hesabu ya sita, dakika tatu, chooni kama hakuna pengine. Kutoa pumzi taratibu hupunguza mbio za moyo, hilo ni kweli. Kahawa ya jioni iache. Na kama wiki mbili zimepita hulali, huoni maana ya kitu chochote, au wazo la kufa linakupitia, usinisubiri mimi wala blogu, nenda hospitali leo na umwambie mtu wa nyumbani.

Kuna dawa nyingine isiyo na gharama. Wauguzi wameniambia zaidi ya mara moja kwamba "pole na kazi" wanaipata kwa wagonjwa kuliko kwa wakubwa wao. Tangu miaka ya 1990 mwanasosholojia Johannes Siegrist ameonyesha kwamba mtu anayetoa jasho kubwa na kurudishiwa kidogo yumo kwenye hatari kubwa zaidi ya ugonjwa wa moyo, na katika marudisho hayo aliiweka heshima pamoja na mshahara. Sisi neno la heshima hiyo, "pole na kazi", tunalo midomoni tangu utotoni, halafu tukipewa cheo tunalisahau.

Yule keshia hatukuanza na kupumua. Tuliandika mambo mawili ya kumwomba meneja wa tawi: keshia ahesabu fedha za dirisha lake mara mbili, saa saba mchana na saa kumi, ili shoti ikitokea ajue imetokea upande gani wa siku, na kila muamala uliokatwa na mtandao usainiwe na msimamizi palepale. La kwanza lilikubaliwa siku ileile. La pili lilichukua miezi miwili na barua tatu. Dawa ya presha bado anaitumia, kwa maelekezo ya daktari wake.

Mwezi uliopita alinipigia saa kumi na robo. Nilisikia mashine ya kuhesabia noti nyuma yake, nikamuuliza mbona anapiga saa hiyo mbaya.

"Za asubuhi nilishazifunga, dada. Hizi ni za mchana tu."